Vyeti vya Theresia Navirudisha

Viwanja Sitini,
Ifakara.
21 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Silvano,

Shikamoo baba. Na Mama Mdogo naomba umfikishie shikamoo yake, pamoja na pole ya mguu. Tumefurahi kusikia kwamba gongo la kutembelea ameliweka pembeni na sasa anafika gengeni mwenyewe. Hapo Katoro mvua zinaendeleaje? Na kifua chako, kile cha vumbi la machimbo, kimetulia?

Sisi huku hatujambo kiasi. Beatus ametimiza miaka minne na anauliza maswali tangu anaamka. Mdogo wake Marsiana anaota meno, kwa hiyo mimi usingizi nausikia kwa majirani. Baba Beatus yupo na bajaji yake. Mama yuko Michenga, maji yameingia kwenye shamba la chini lakini mpunga wa juu umesimama vizuri, na yeye amegoma kuja mjini mpaka palizi iishe. Anakusalimu sana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu siku ile tulikatana maneno. Wewe unasema, mimi nasema, mtoto analia, mwisho salio likaisha na kila mtu akabaki na lake. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, na ukikasirika unaweza kuiweka chini ukaichukua tena baadaye.

Jambo lenyewe ni hili la mdogo wangu Noela na ile shule ya kulipia. Naanza mwanzo, maana nadhani ulisikia upande wa Mwalimu Jofrey tu.

Noela alimaliza kidato cha nne mwaka jana, hapa hapa shule ya kata. Matokeo yalipotoka Januari akawa amepata ziro. Sina neno la kulifunika. Mpira aliupata, masomo yakampita. Miaka miwili ya mwisho alikuwa nahodha wa wasichana, ndiye aliyekuwa akiwapanga wadogo foleni ya uji na kuwafundisha kufunga kamba za viatu vya mpira. Ukipita naye njiani unachoka kusubiri aamkiane na watu.

Mwezi wa pili, Mwalimu Jofrey akaja nyumbani. Yeye ni mwalimu wa michezo wa ile shule ya kulipia, ndiye anayezunguka bonde zima kutafuta wachezaji, ameshafika mpaka Mlimba. Tayari alikuwa amechukua wasichana wawili wa kidato cha pili kutoka shule yetu ya kata. Wale siwalalamikii, baba. Wamehama kwa majina yao, wamepewa kitanda na walimu wa hesabu, na wanaocheza nao ni wa umri wao. Mzazi gani angekataa?

Lakini Noela ameshamaliza shule na ana miaka kumi na tisa. Ndipo Mwalimu Jofrey akasema lipo la kufanya. Ataingia kidato cha tatu kwa jina la mtu aliyeishia kidato cha pili, atasoma bure, atakula bure, na mashindano ya shule ya mwezi wa sita atacheza. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa na karatasi ya matokeo ya huyo mtu. Akauliza kama ukoo wetu hauna binti wa namna hiyo.

Nakiri mbele yako kwamba jina la mwanao Theresia nilimtajia mimi, na namba yako nikampa. Nilikuwa nimechoka. Niliona Noela anapata shule mara ya pili, na mimi napata mtu mmoja wa kutomwazia kila asubuhi. Wewe ulipokubali na ukatuma vile vyeti kwa basi, nilikushukuru kwa moyo wote, na ile shukrani siirudishi. Ulitaka kutusaidia.

Kilichonigeuza ni mechi.

Tarehe nane mwezi huu ile shule ilikuja kucheza mechi ya kirafiki na shule ya kata, kwenye uwanja wetu wa kata. Mwalimu Jofrey alitaka kumjaribu Noela kabla hajamwandikisha. Nilikwenda na Marsiana mgongoni. Uwanja ulikuwa na maji upande mmoja, wanasukumia mpira upande mkavu.

Unajua kabla ya mechi timu hupita zikishikana mikono. Sasa wale wasichana wa kata, wadogo wadogo hawa wa kidato cha kwanza na cha pili, kila aliyefika kwa Noela alishika mkono wake akasema, "Shikamoo dada." Mmoja, wa pili, wa tatu. Wengine wanapiga na goti kidogo. Na Noela kwa mazoea anaitikia, "Marahaba. Marahaba." Mpaka golikipa wao, Aurelia, katoto ka miaka kumi na nne, glovu zinampwaya mikononi, akamwambia, "Shikamoo dada Noela, tuhurumie."

Baba, mimi sijui sheria za mpira. Lakini nimewaza tangu siku ile. Mtu unayemwamkia shikamoo utamkabaje? Utamwekea mguu? Wale watoto walikuwa wameshafungwa kabla filimbi haijapigwa.

Mechi ikaanza. Mwalimu Jofrey akawa anapiga kelele pembeni, "Theresia, rudi kati! Theresia!" Noela hageuki. Anamwita mara ya tatu, mpaka mwenzake akaenda kumvuta jezi. Beki mmoja wa kata akasema kwa sauti, "Mwiteni Noela, atasikia." Uwanja mzima ukacheka. Nyuma yangu walikuwepo vijana wa bodaboda. Mmoja akasema, "Huyu si alimaliza na dada yangu?" Mwenzie akamjibu, "Alimaliza, akafa, kafufukia kidato cha tatu." Nami nimesimama pale, ndugu yake, nacheza na miguu ya mtoto kama sisikii.

Noela alifunga mabao manne. La nne Aurelia hakuruka hata, alisogea pembeni akampisha. Na Noela hakushangilia. Alirudi katikati anatazama chini. Mimi namjua mdogo wangu, bao moja tu zamani angekimbia mpaka barabarani.

Baada ya mechi nilimfuata Mwalimu Nassib. Huyu ndiye aliyemfundisha Noela mpira tangu kidato cha kwanza, kwa mpira mmoja uliochubuka na nyavu za kushonwa kwa kamba za viroba. Nilidhani atanikasirikia. Aliniambia, "Mama Beatus, mimi siendi kushitaki popote. Lakini msiniombe nishangilie." Akaokota koni zake akaondoka. Bora angenigombeza.

Sasa nakuja kwenye jambo gumu, na nakuomba ulipokee kama mtoto wako ninavyolisema, bila dharau.

Unakumbuka nilipofeli darasa la saba. Baba alikuwa ameshafariki, na wewe ndiye uliyehangaika ukanirudisha darasa la sita kule ng'ambo ya mto kwa jina la Luciana Alfonsi, yule binti aliyekuwa amehama na wazazi wake. Ulifanya kwa upendo. Bila wewe nisingefika kidato cha nne, na kila ninapoandika, hata hapa, ni kwa sababu yako. Hilo sisahau.

Lakini sikuwahi kukueleza yaliyofuata. Mwaka juzi mradi mmoja wa utafiti wa malaria ulitafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya mbu. Walitaka kidato cha nne, na mtu anayeijua mitaa. Nilifanya usaili nikapita. Siku ya kupeleka karatasi, kitambulisho changu cha taifa kinasema Restuta, cheti changu cha shule kinasema Luciana. Hawakunikosea, waliniuliza vizuri tu, wakanipa wiki nzima nilete kiapo kutoka kwa wakili. Nilifika mpaka mlangoni kwa wakili nikarudi. Niape nini, baba? Niseme mimi ni Luciana, na Luciana mwenyewe yupo hai ana watoto wake? Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mimi nikaendelea na maandazi na uji hapa stendi ya bajaji. Si kazi mbaya, inatulisha. Ila kile cheti nilichokisomea miaka ile yote kipo chini ya godoro, na nikitandika sipendi hata kukiona.

Ndiyo maana sitaki Noela apite nilikopita mimi. Hata akifaulu huko, atafaulu Theresia.

Na Theresia mwenyewe je? Tulizungumza mimi na wewe, akazungumza Mwalimu Jofrey, ukazungumza na dereva wa basi. Yeye nani alimuuliza? Kwa hiyo wiki iliyopita nilimpigia. Nikamweleza vyeti vyake viko wapi na vinataka kufanya kazi gani. Akasema, "Da Resti, kumbe jina langu bado linafaa shuleni? Mimi nilijua limeshaisha."

Baba, huyu mtoto hakufukuzwa shule wala hakukimbia. Aliacha kwa sababu mama yake aligongwa na pikipiki na hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Amemwogesha, amempikia, amemsindikiza hospitali miaka miwili. Sasa mama anatembea. Noela akikaa kidato cha tatu kwa jina la Theresia, siku Theresia akitaka kurudi atakuta kiti chake kina mtu. Nani atamwamini kwamba Theresia ni yeye?

Kwa hiyo nimekataa. Jumatatu nilikwenda shuleni kwa Mwalimu Jofrey na watoto wote wawili, nikadai vyeti. Nilimwambia kama anampenda Noela amchukue kama alivyo, kwa jina lake na umri wake, asome, mashindano ya shule asicheze. Akacheka. "Dada, sisi hatuendeshi kituo cha watu wazima." Akasema nafasi hiyo wasichana watatu wanailia, na kwamba namnyima mdogo wangu bahati kwa wivu. Nikamjibu wivu nitakuwa nao nikipata muda wa kulala. Akavitoa kwenye droo. Fomu alikuwa ameshaanza kuijaza, picha ya Noela imebandikwa pembeni ya jina la Theresia. Picha nimeibandua mbele yake.

Noela alilia. Siku tatu hakunisemesha. Alikuwa anamwambia Beatus, "Mwambie mama yako chumvi imekwisha," na mimi nipo pale pale jikoni. Nilimwacha. Siku ya nne aliniuliza tu, "Kwa hiyo mimi ndiyo basi?" Nikamwambia hapana. Atarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuna kituo cha masomo ya jioni karibu na soko. Mchana ananisaidia stendi. Na mpira, ipo timu ya wanawake ya mtaani, wale ni wakubwa wenzake, wanamgonga naye anawagonga. Jumamosi Mwalimu Nassib amemwomba awafundishe wale wasichana wa kata kupiga penalti. Sijui kama atakwenda. Leo asubuhi nimeona ameosha viatu vyake vya mpira akavianika, sikumuuliza.

Najua ulishampa Mwalimu Jofrey neno lako, na mtu mzima hapendi mtoto kumvunjia neno. Kwa hilo nakuomba radhi, nimepiga magoti. Lakini kwa kuvidai vyeti siombi radhi, na kama ingebidi nirudie, ningerudia.

Vyeti vya Theresia vimo humu ndani ya bahasha, nimevifunga kwenye nailoni visilowe. Cheti cha kuzaliwa kimoja, karatasi ya matokeo moja. Naomba usiviweke sandukuni kwako. Mpe mkononi mwenyewe. Kisha, siku ukipata nafasi, nenda naye shuleni kwake pale ukaulize anaweza kurudi vipi. Wakikuzungusha, uliza masomo ya watu wazima. Asiende peke yake, watoto wa kike wakienda peke yao hujibiwa mlangoni.

Dereva wa basi atakupa pia kifurushi cha mchele. Ni wa mwaka jana, lakini bado unanukia.

Msalimie sana Mama Mdogo, umwambie aendelee na mazoezi hata kama yanauma. Msalimie Lukelo na mke wake, na Mzee Evaristo jirani yako aliyetutumia dagaa Krismasi. Baba Beatus anakuamkia. Beatus anasema uje na trekta. Mungu akulinde huko shimoni, ushuke salama na upande salama, kila siku anayokupa.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Restuta

Nilimpa Noela barua hii aisome kabla sijaifunga. Alisoma yote, akaniomba kalamu. Haya ya chini ni yake.

Thereza, vyeti vyako hivyo. Kuna mechi moja ulicheza huku kwetu, ulifunga manne, watu waliona. Rudi shule. Ila wakikuambia uingie uwanjani ukatae, mimi nakujua, hata kurusha mpira wa mkono huwezi. Ndugu yako, Noela.