Alama ya Asilimia Mbele ya Mchoro wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeibiwa mchana kweupe, na mwizi kaniomba nimfungie mzigo vizuri.

Profesa kaniita ofisini. Kaanza na "mwanangu", na akianza hivyo najua kuna kazi. Jarida limerudisha makala ya vichujio vya maji. Matokeo wameyapenda, ila michoro ina ukungu na majedwali ni picha za simu! Wanataka vyote vipangwe upya kwa LaTeX, ile programu ya kupangia kurasa kwa amri za maandishi, mwisho Jumatano ya wiki ijayo. Hapa maabara anayeijua LaTeX ni mimi tu. Nikasema sawa, nikarudi mezani kwangu nimefurahi kama mjinga.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa kwanza Profesa. Wa pili — Mkwe. Langu nikalitafuta mpaka mwisho. Lipo. Kwenye shukrani, baada ya dereva, "kwa msaada wa kiufundi".

Mimi! Niliyezunguka nyumba kwa nyumba na boksi la barafu begani, nikapima kina cha mchanga kwenye kila pipa la kuchujia, nikakimbiza chupa za maji maabara kabla hazijapata joto. Mkwe (tunamwita hivyo kwa sababu kamchumbia binti wa Profesa) hajafungua bomba la pipa hata moja. Kazi yake ilikuwa kuingiza namba kwenye Excel, akiwa amekaa, feni ikimpuliza.

Na ufadhili wangu wa masomo ya uzamivu unataka makala moja yenye jina langu, iwe imewasilishwa kabla mwezi huu haujaisha. Profesa anajua. Barua ya kunipendekeza kaiandika yeye!

Haya. Nitakula nao sahani moja.

Jumanne, 4 Machi

Majedwali siku nzima. Mkwe alichora mistari ya wima kila mahali, jedwali kama dirisha la jela. Nimeing'oa yote. Profesa anataka desimali tatu, hata kwenye idadi ya nyumba. Nyumba nukta sifuri sifuri sifuri! Nimemwekea mbili pale zinapohitajika, hajagundua.

Mkwe alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, kikombe mkononi. Akauliza kwa nini Mchoro wa 2 umekimbilia ukurasa wa nyuma. Nikamweleza kwamba LaTeX huupeleka mchoro penye nafasi. Akasema basi niuambie urudi. Niuambie! Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba nitazungumza nao. Akaondoka ameridhika.

Upole wangu wa siku hizi wangekuwa na akili wangeuogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Kalamu inakimbia. Ni furaha, siandiki uongo hapa.

Mchoro wa 3 ndio roho ya makala. Chini kina cha mchanga, pembeni asilimia ya vijidudu vilivyoondolewa. Vidoti vinapanda vimenyooka kama ngazi: mchanga ukizidi kina, maji yanazidi usafi. Profesa kaubandika ukutani ofisini kwake. Nilitaka kuuchora upya ili herufi zisomeke, basi nikafungua namba za Mkwe.

Nikaona nyumba ya mkunga. Mchanga wake ni wa kina kuliko wote, hapo sawa. Maji yake — safi kuliko yote? Hapana jamani. Maji ya mkunga nayakumbuka. Yalikuwa machafu mpaka nilirudi kupima tena nikidhani nimechanganya chupa. Aliyekuwa na maji safi ni fundi viatu, na mchanga wake haufiki hata nusu pipa.

Nikatoa fomu nilizojaza nyumba kwa nyumba, nikalinganisha. Ndipo nikaelewa. Mkwe kapanga safu ya kina kuanzia ndogo hadi kubwa. Kisha kapanga safu ya usafi, nayo peke yake, ndogo hadi kubwa. Kila safu kivyake! Namba zimeachana na nyumba zao. Ukifanya hivyo hata urefu wa watu na bei ya sabuni vitapanda pamoja.

Nikachora kwa namba za kweli. Vidoti vimetawanyika kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Hakuna mstari. Hakuna makala.

Nimecheka mpaka mlinzi kachungulia mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango ni huu, na ni mtamu. Nanyamaza. Nawapangia kila kitu kwa unadhifu, vidoti vikae vizuri, herufi zisomeke. Makala itoke. Wapigiwe makofi. Halafu ndipo nimwandikie mhariri, na namba za kweli nimwambatishie. Jina langu halimo, lipo kwa madereva. Moto hautanigusa. Mkwe atakiona kilichomtoa kanga manyoya, yeye na baba mkwe wake.

Ufadhili ndio unaouma. Lakini ufadhili walishaniulia wao, Jumatatu.

Kwenye faili nimeiweka michoro yote miwili, mmoja chini ya mwingine. Wa kweli nimeuwekea alama ya asilimia mwanzoni mwa mstari, na LaTeX ikiiona alama hiyo huuruka mstari kama haupo. Kialama kimoja tu. Nimekiangalia kwa mapenzi.

Jambo moja silipendi. Nilienda kuchukua chai, niliporudi nikamkuta Mkwe kakaa kwenye kiti changu. Anatafuta chaja, eti. Mchoro wa kweli ulikuwa umejaa skrini nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Mama Mdogo, ninayekaa kwake. Alikuwa anashona, pini mdomoni, nikadhani atacheka nami. Hakucheka. Akatoa pini moja moja, akaniuliza:

"Sasa ukiwachoma, na mkunga naye ataambiwa maji yake ni safi?"

Nikamwambia hiyo si hoja. Akasema kwake ni hoja, maana mkunga ni mteja wake na ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Simtaki mkunga kwenye hasira yangu. Hasira hii ni yangu. Ila sasa kaingia, kakaa, na hatoki.

Jumatatu, 10 Machi

Andika pole pole, wewe. Usipasue karatasi.

Asubuhi Profesa kaniita, kasimama, kanishika bega. Kasema wamefikiri upya. Nitakuwa mwandishi wa pili, Mkwe anashuka wa tatu. Akanionyesha karatasi yenye jina langu kwa wino wa kalamu yake. Akasema ufadhili wangu umo mle. Machozi yalinilenga, nakiri. Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa kunirudishia changu!

Nikafika mlangoni ndipo akaongeza kwamba jarida linataka kila mwandishi atajwe alichofanya. Mimi nimeandikwa: uchambuzi wa data na michoro. Mkwe: kuhariri lugha. Akasema wazo ni la Mkwe mwenyewe, kijana ana moyo mkubwa.

Moyo mkubwa! Kumbe aliuona mchoro, akauelewa, akahamia kwenye lugha, akanivika mimi kilemba cha kosa lake! Siku mambo yakifumuka, aliyechambua data ni nani? Mimi. Kwa wino wa Profesa.

Nikamsubiri kwenye ngazi. Nikamuuliza kama anajua alichokifanya kwenye zile safu. Hakukana. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema kwa sauti ya mtu anayenisaidia:

"Dada, hii makala tunaihitaji sote. Wewe kuliko mimi."

Na ni kweli. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kapiga hesabu yangu kabla sijaipiga mimi, na safari hii hakukosea.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitoa alama. Nimeirudisha. Nimeitoa. Ukiitoa kwa mchoro wa kweli na kuiweka kwa ule wa uongo, makala inakufa na ufadhili unakufa nayo. Ukiiacha, nakwenda kusoma, na kila nitakapofika Mkwe atakuwa anajua. Nitamwita shemeji harusini. Nitampigia makofi.

Mama Mdogo kapita nyuma yangu na pini zake mdomoni. Afadhali angesema!

Jumatano, 12 Machi

Chumba cha mikutano. Wanadhani naandika kumbukumbu za kikao. Acha wadhani.

Profesa kaja na soda na Mkuu wa Idara. Mkwe kavaa shati jipya, kaja na mchumba wake. Tunapitia makala kwenye skrini kubwa, halafu nabonyeza kitufe cha kuwasilisha, halafu tunapiga picha.

Ningeweza kumwambia Profesa faraghani. Nililiwaza hilo tangu nilipoamka. Mlango ungefungwa, ningeitwa mwanangu, kosa lingezikwa hapo hapo na mimi juu yake. Sitaki. Nataka mbele za watu. Nataka Mkwe awe amekaa.

Fomu za nyumba zote nimezileta, zimo kwenye bahasha chini ya kiti. Kwenye orodha ya nani kafanya nini nimeongeza mstari mmoja: "Kuingiza na kupanga data" — na jina lake kamili, herufi kubwa palipostahili. Ni kweli tupu. Hakuna wa kunilaumu kwa kweli tupu.

Tumepita Jedwali la 1. Mkuu wa Idara kayasifu majedwali. Profesa kasema tumepata mtaalamu. Mtaalamu!

Sasa kasema tufikie Mchoro wa 3, ndio anaotaka Mkuu wa Idara auone. Nimemwambia subiri kidogo, faili ijichakate upya, kuna kitu nimerekebisha. Nimebonyeza. Kiduara kinazunguka.

Ufadhili, kwaheri. Nimeiandika niione ilivyo. Imeuma kama nilivyodhani.

Mkwe kaweka chupa chini. Haangalii skrini, anaangalia mikono yangu. Kwanza kaniita dada. Halafu kaniita kwa jina. Mchumba wake anamuuliza kuna nini.

Ukurasa umefunguka. Vidoti vimetawanyika kama maharage, skrini nzima. Profesa kavua miwani, kaifuta kwa tai, kaivaa tena. Kasogeza kiti mbele.

"Mwanangu," kasema, "hebu kuza hapo."

Nakuza.