Damu ya Kusema kwa Mdomo

Jumanne, zahanati ya Nuu

Kule kwenye kozi ya kuhudumia majeruhi, ukisema, "Naongeza damu, naita gari la kumpeleka theatre apasuliwe," mwalimu anajibu, "Sawa," na mgonjwa wa bandia, wa mpira, anapona. Hivyo ndivyo nilivyofaulu.

Leo wamemleta Musyoka, mchimba visima, aliyeporomokewa na ukuta wa kisima. Nilifuata yote niliyofundishwa: njia ya hewa, kifua, halafu damu. Tumbo lilikuwa linakuwa gumu. Alikuwa akivuja ndani.

Nikamwambia Kavata, muuguzi mwenzangu, "Leta damu. Ita gari."

Akaleta blanketi. Damu hatujawahi kuwa nayo hapa, na gari limeharibika huko mjini Mwingi.

"Sista, anaendelea aje?" mke wa Musyoka akauliza.

"Tunajaribu, mama."

Kabla ya kozi ningeamini maneno hayo. Leo nilijua anakufa, na nilijua kwa nini.

Alipokata roho, mama yule alinishika mikono akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Ijumaa natakiwa kuwafundisha wenzangu yale ya kozi. Sijui nitawaambia nini. Kavata ameshaniuliza kama lazima aje.