Kopo la Chumvi la Mama

Jumapili, Voi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi ndani ya kabati. Nina hasira, na sioni haya kuiandika.

Miezi michache iliyopita kikundi cha akina mama mtaani kwetu kiliamua tupunguze chumvi kwa sababu ya presha. Mwenyekiti, Mama Mghoi, alipita nyumba hadi nyumba akikusanya makopo ya chumvi. Mama yangu, ambaye presha imemsumbua miaka mingi, alitoa lake huku akicheka, akasema yeye anaacha kabisa. Na aliacha. Mimi ndiye ninayepika, najua. Alikula chakula kisicho na ladha, wala hakulalamika.

Mwezi jana walipimana presha mkutanoni. Ya Mama ilikuwa imepanda. Mama Mghoi akasema mbele ya wote kwamba kuna watu wanajificha jikoni wakilamba chumvi. Mama aliapa. Wengine walicheka.

Hajarudi kikundini.

Alhamisi nilimpeleka kliniki. Nesi hakuuliza habari ya chumvi, aliuliza tunapikaje. Mama akamweleza maharagwe yetu ya kila siku, na magadi tunayotia ili yaive haraka, maana makaa ni ghali. Nesi akaweka kalamu chini. Alisema magadi nayo yanapandisha presha, kama chumvi tu.

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Kwenye mikutano hiyo hiyo ya chumvi tulipikiwa maharagwe, na aliyetia magadi sufuriani ni Mama Mghoi mwenyewe.

Habari zilimfikia. Leo baada ya kanisa amekuja na mfuko wa nyanya za Bura, akazungumza juu ya mvua, juu ya mahubiri, juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichomleta. Mama akampakulia maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri bila magadi. Baada ya vijiko viwili, mgeni akaniomba chumvi kwa sauti ya chini.

Mama ndiye aliyejibu.

"Hapa hakuna, Mama Mghoi. Si ulikuja kuichukua?"

Mgeni amemaliza sahani. Alipoinuka, Mama hakumsindikiza. Sijawahi kumwona akimwacha mgeni aondoke hivyo. Nilimsindikiza mimi, mpaka mlangoni tu.

Kesho nitabandika maharagwe mapema tena. Kusamehe nimemwachia Mama, na sioni kama ana haraka.