Mahali Alipoachwa

San Andrés, 9 Februari

Baba Nélida,

Huku hatujambo. Wale ndege pelikani wanaingia sokoni kwa miguu kuomba vichwa vya samaki, na Hermelinda muuza samaki anawafukuza kwa ufagio: "Tokeni! Hata mimi sina!" Bahari bado ina joto kama maji ya kuogea, na samaki wamehamia mbali.

Sisi wa kituo cha kuokoa wanyama tumeokota watoto arobaini na mmoja wa simba-bahari, mifupa mitupu. Baba yako kila akimkuta mmoja ufukweni anamsukuma majini, akidhani anamsaidia. Juzi nikamfokea: "Baba, mwache! Anamngoja mama yake hapo hapo alipomwacha. Mama kafuata dagaa mbali, harudi huyo!"

Kugeuka, Nélida yuko nyuma yangu na ndoo.

Hakulia. Lakini hii ni wiki ya tatu redio ya mashua yenu haijibu, na tangu jana amekaa gatini, kwenye ngazi ulipomuaga. Chakula nampelekea huko huko.

Barua hii nampa dereva wa lori la barafu aiache bandari ya Ilo, huenda mkatia nanga huko. Ukiipata, piga simu, hata usiku.

Nimembembeleza mwanao arudi nyumbani. Kanijibu, "Mama, baba akija asiponikuta hapa, atanitafuta wapi?"

Mkeo,
Zoraida