Nafasi Tatu za Programu ya Dawa

Jumatatu, 5 Oktoba 1992
Wiki ya tatu bila Urbain. Amezaliwa hapa hapa Likasi, lakini ni Mukasai, asili yake jimbo la Kasai, basi wenyeji wamemfukuza kama Bakasai wote. Yuko gare na mke na watoto, wanangoja treni. Chumba cha ordinateur, kompyuta ya kiwanda, nimebaki peke yangu. Mchana nimejikuta nasema na mashine kwa sauti.

Reine, muuguzi mpya wa farmasi ya hospitali ya kiwanda, alikuja karibu analia. Programu ya dawa inamkatalia: accès refusé. Bila programu bon, karatasi ya kutolea dawa, haitoki, bila bon dawa haitoki. Kinini ya malaria iko pale, wagonjwa wako pale!

Jumanne, 6 Oktoba
Nimeona kosa. Licence yetu ni ya watu watatu tu: Urbain, Barnabé wa farmasi, na mimi. Barnabé naye, Mukasai pia, ameshaondoka, lakini programu bado inamhesabu. Kumtoa — sina ruhusa. Anayo Urbain peke yake.
Nimejaribu kukisia neno lake la siri mara tisa. Bure.

Alhamisi, 8 Oktoba
Asubuhi nilikwenda gare kwa miguu. Maturubai, moshi, watu wamelala kando ya reli. Urbain amekonda! Akaniandikia neno la siri kwenye pakiti ya sigara. "Colette, jipe ruhusa yote weye mwenyewe kwanza. Kisha toa Barnabé, tia ule mama wa farmasi. Miye usinitoe bado, watoto watakosa dawa." Nikamwambia sitamtoa. Mtoto wake wa mwisho yuko mgongoni mwa mama yake, homa kali.

Barnabé nimemtoa; saa nane Reine ameingia kwenye programu. Bon ya kwanza imetoka! Ya pili nikaomba iwe ya mtoto wa Urbain, jina lake bado liko kwenye orodha ya familia. Reine akatoa kinini. Nikaipeleka mwenyewe, mbio.
Kisha nikarudi chumbani, peke yangu.

Ijumaa, 9 Oktoba
Chef Ghislain, mkubwa wetu wa kazi, ameleta karatasi nne za majina. Bakasai wote, wake zao, watoto wao. Niwafute, dawa isitoke tena kwa majina hayo.
Nikasema sina ruhusa. "Uko nayo. Niliona kwa programu: njo weye uko na ruhusa yote."
Nikasema wengi bado wako gare, treni haijafika. Akasema anajua.
Hajaondoka. Amesimama mlangoni, anadhani nanakili majina kwenye daftari hili. Jina la kwanza liko kwenye skrini: futa, ndiyo au hapana? Anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia mashine iko polepole leo.