Nusu Niliyoikata

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kaniambia nisipange mambo ya mbali. Basi.

Mjukuu wangu kaleta sanduku langu kutoka stoo. Anaandaa maonyesho ya picha zangu za gazetini. Ndani, ile kamera ndogo inayogawa kila nafasi ya filamu mara mbili, picha thelathini na sita zikawa sabini na mbili. Na filamu moja haijafunguliwa, muda wake ulikwisha kabla yeye hajazaliwa. "Babu, si imeshaoza hii?" Nikamwambia hata mimi nimeoza na bado mnanilisha. Alicheka peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Niandike, maana mdomo umenishinda miaka arobaini na moja.

Picha ya mama aliyeshikilia lango la kiwanda kinachoungua, ile iliyonipa jina, cheo na ofisi yenye dirisha, sikuipiga mimi. Aliipiga dada yangu mdogo, mpiga chapa wa gazeti letu, niliyekuwa naye siku ile. Tangi la kwanza lilipolipuka niliitupa kamera nikaingia chini ya lori. Suruali imelowa! Yeye akaiokota. Akapiga lango. Kisha akageuka, akanipiga picha na mimi, uvunguni mwa lori.

Nusu mbili, bega kwa bega kwenye filamu. Niliisafisha mwenyewe gizani. Nikachukua mkasi, nikaikata nusu yangu.

Halafu nikampa karatasi ya maelezo aipige chapa. Jina langu chini. Akaniuliza, kaka, hapa hujakosea? Nikasema mhariri hataki kusikia habari za wapiga chapa, tutarekebisha baadaye. Baadaye! Akapiga. Hakukosea hata herufi moja.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja. Nikamkalisha dirishani, mimi nimeegemea mto. Filamu iliyozeeka ina njaa ya mwanga. Nikafungua lenzi yote. Nilijiapia: nikipiga ya kwanza, nasema. Kila nilipofungua mdomo ikatoka "geuza shingo kidogo". "Inua kidevu." Karibu mara sabini!

"We kaka, leo nimekuwa bibi harusi?"

Akaninyang'anya kamera. "Lete hizo zilizobaki. Na wewe tulia hapo, usije ukaniingilia uvunguni."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe hajasahau kitu. Nikajifunika uso kwa mkono. Akabonyeza.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi wa picha kasema filamu imeshika ukungu, na aliyepiga mkono ulimtetemeka. Mashine yake haijui nusu. Inachapa mbili kwenye kadi moja. Kadi zote ni madoa matupu. Isipokuwa ya mwisho. Kushoto dada, nilivyompiga mimi: kivuli tu. Kulia mimi, mkono usoni. Hata mishipa ya mkono inahesabika. Filamu ile ile, kamera ile ile.

Mjukuu karuka kwa furaha. "Babu, hii ndiyo ya kufungia maonyesho! Kazi yako ya mwisho!"

Anadhani nimejipiga mwenyewe. Nikasema asante. Asante!

Jumapili, 16 Machi

Usiku sikulala, maumivu. Tangu saa nne wako sebuleni, mjukuu anaandika vibandiko vya ukutani, dada anamsahihishia. Mlango uko wazi, nasikia yote. Wanabishana juu ya koma. Wanacheka. Sasa wamefika kwenye picha ya lango.

"Mpiga picha, Babu," anasoma mjukuu.

Kalamu inawekwa mezani.

"Hapo pa jina paache wazi kwanza," anasema dada. "Kamuulize babu yako."

"Kwani wewe bibi hujui?"

"Mimi najua. Nenda kamuulize yeye."

Kiti kimesukumwa. Niite? Niseme nikiwa hapa hapa? Sauti ninayo, sio kwamba sina.

Kandambili zinakuja. Daftari liende chini ya mto, na mimi nifumbe macho kama nimelala, nihem—