Onsongo Anasema Ameshiba

Mpenzi Mama Rehema,

Nakusalimu kutoka Birongo, mimi ni mzima. Huku mvua hunyesha kila alasiri, na migomba imefika hadi mlangoni.

Nimefikia kwa Onsongo, yule karani mwenzangu wa Nakuru niliyestaafu naye. Amekonda hata nikampita sokoni bila kumtambua. Jana mkewe alipakua ugali wa wimbi na kuku. Onsongo akawasogezea wajukuu sahani yake, akasema ameshiba. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Mkewe akaniambia mbele yake, "Shemeji, ndivyo anavyofanya tangu mshahara ukome. Anasema asiyeleta kitu hali."

"Kwani shamba hili linalimwa na nani?" nikamuuliza Onsongo.

"Kulima si kazi," akajibu, akiangalia mikono yake.

"Mimi niliolewa na wewe," mkewe akamwambia. "Sikuolewa na mshahara."

Mkewe akafunika chakula, akageuka kujifuta machozi kwa leso. Nami nikarudisha tonge sahanini, mke wangu, kwa sababu nimewahi kukuona ukigeuka vivyo hivyo, nikajifanya nasoma gazeti. Hata mimi nimekuwa nikikwambia nimeshiba. Na safari hii niliifunga ili majirani wasinione nimekaa nyumbani mchana.

Nisamehe. Wasalimie watoto wetu wote, na Mungu akutunze. Narudi Jumapili. Nipikie chochote, tukae tule pamoja.

Mumeo,
Baba Rehema